Kapu Kwenye Bega la Kulia

Muuza maharage ndiye aliyemwona kwanza, na kama kawaida yake akafunika maharage. Sijui alidhani maharage makavu yatakufa mara ya pili. Fundi viatu wa jirani akavuta kigoda chake ndani, akasahau kiatu cha mteja nje, ikabidi akivute kwa fimbo bila kutoa hata unyayo mlangoni. Mama mmoja aliyekuwa anafagia nje akageuza ufagio akaanza kufagia kurudi ndani, taka zote na vumbi lote, nyumbani kwake mwenyewe. Yote hayo kwa sababu ya mwanamke mmoja mwembamba wa miaka thelathini na mitano, gauni la rangi ya majivu, kapu kwenye bega la kushoto, macho chini.

Mtaani yeye na wenzake waliitwa Majivu, kwa ajili ya hizo nguo. Wenyewe walijiita watu wa Mpokezi, maana ndivyo anavyoitwa mungu wao, mungu wa mauti, ambaye kwa maelezo yao hafanyi jambo lolote la kutisha: anasimama mlangoni tu na kusema karibu. Haya, nenda kamwambie hivyo muuza maharage.

Kazi yao ilikuwa hivi. Katika mji huo kila mtoto aliyezaliwa alifinyangiwa kikombe kimoja cha udongo, na kabla hakijakauka, kidole gumba cha mtoto kilibonyezwa ubavuni. Kikombe hicho hicho ungekinywea maisha yako yote, na ole wake atakayekichezea. Siku ukifa, watu wa nyumbani wanakipindua kizingitini, mdomo chini. Mtu wa Mpokezi akipita akakiona, hana ruhusa ya kupitiliza. Anaingia, anamwosha maiti, anamvisha, anawaachia wenyewe wakazike, kisha anatoka na kikombe ndani ya kapu. Jioni jina la mwenye kikombe linaitwa mara moja kutoka juu ya ukuta wa Nyumba ya Mpokezi, kwa sauti ya kufika mji mzima, na tangu hapo halitamkwi tena na mtu. Nje ya kazi hiyo hawaongei na yeyote barabarani, na lango lao halifunguliwi kwa mgeni.

Sasa watu, ukiwanyima habari, wanajitengenezea. Walisema Majivu wanatembea na kifo mfukoni kama mtu anavyotembea na karanga. Walisema wanakula sahani moja na maiti. Na walisema, hili wote waliliamini mpaka wazee wenye akili zao, kwamba mwili unazikwa lakini mwenyewe anafuata kikombe chake, kwa hiyo nyuma ya ule ukuta mrefu wafu wote wa mji wamekaa uani wanapiga soga, kila mmoja na kikombe mkononi.

Huyu wa leo alizaliwa kwenye mtaa huu huu. Walimwita Kidole, kwa sababu mama yake alikuwa mfinyanzi na yeye hakuwahi kuona udongo mbichi asiuchomeke kidole. Aliondoka akiwa na miaka kumi na saba, mwezi mmoja baada ya baba yake kufa, akaenda kugonga lango la Mpokezi kwa mkono wake mwenyewe. Anayejiunga nao anahesabiwa kwamba amekufa: familia inapindua kikombe chake kizingitini, kinachukuliwa, jina linaitwa, yamekwisha. Mama yake hakukipindua. Miaka kumi na minane kikombe hakijaletwa, jina halijaitwa, na Kidole kule Nyumba ya Mpokezi anakaa kama mgeni ambaye mzigo wake umepotea njiani. Alikula mwisho wa meza. Wenzake walimwita Asiye na Kikombe. Akajiambia kwamba mama amemnyima kwa hasira, na kwamba ana haki ya kukasirika.

Kisheria hakutakiwa kupangiwa mtaa wa kwao hata siku moja. Mtaa huo ulikuwa wa Dada Mkubwa, mama mtu mzima mwenye mdomo mkali na moyo laini, yule yule aliyemwosha baba yake. Lakini goti la Dada Mkubwa lilivimba, watu wa kazi wachache, na alipoulizwa nani achukue njia yake, akanyoosha kidole mwisho wa meza. "Huyo," alisema. "Ana magoti mawili mazima, na hana kikombe cha kumzuia."

Hii ilikuwa siku ya nne. Siku tatu alipita mbele ya nyumba ya mama yake bila kuinua macho. Alijua ni hatua kumi na nne kutoka kwa fundi viatu mpaka kizingiti chenye ufa. Alisikia kibao kikipiga udongo ndani, pa, pa, pa, akaendelea kutembea. Angeinua uso kidogo tu angeona dirisha. Hakuinua. Aliogopa kwamba mama yuko pale na atageuza uso. Au kwamba mama yuko pale na hatageuza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Hatua ya kumi na nne leo hakusikia kibao. Macho yalikuwa chini kama sheria inavyotaka, kwa hiyo kitu cha kwanza alichoona kilikuwa kikombe. Kimepinduliwa, mdomo chini, katikati ya kizingiti. Kina pengo upande wa mpini, limezibwa kwa gundi ya mti. Pengo hilo alilitia yeye mwenyewe akiwa na miaka sita.

Kilikuwa kikombe cha mama yake.

Siku tatu, jamani. Siku tatu mtu amepita hatua moja kutoka kwa mama yake mzazi na akashindwa hata kuinua kope, na leo hii ndiyo imekuwa leo. Aliinama akakiokota kikombe kwa mikono miwili. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, alisikia mlango ukifunguka na sauti anayoijua tangu utotoni ikipasuka: "Yuwii! Mfinyanzi! Mfinyanzi katutoka!" Huyo alikuwa Mama Habari, ambaye jambo halijatokea mtaani mpaka yeye aliseme.

Kidole akaingia. Ndani mlikuwa vile vile: rafu za vikombe vibichi, beseni la maji ya tope, harufu ya majivu ya tanuri. Akajikaza, akapita chumba cha kazi, akasukuma pazia la chumba cha kulala huku akiomba apewe nguvu ya kumwosha.

"Umekawia," alisema mama yake.

Alikuwa amekaa kitandani, mzima kabisa, mnene kuliko zamani, amevaa gauni lake la kutokea. Miguuni kuna kifurushi kimefungwa kwa kitambaa. Mkononi ana kipande cha mkate amekiuma nusu.

Kidole alishika ukuta.

"Kaa, mwanangu, usije ukaniangukia nikawa na maiti kweli," alisema mama. Kisha akaacha mkate, uso ukakunjamana, na utani wote ukamwisha. "Njoo hapa. Njoo nikuone. Ee! Hawakupi chakula kule?"

Wakakumbatiana. Nisikudanganye kwamba yalisemwa maneno mazuri. Walilia tu, mama akimpapasa mwanawe mgongo mzima kama anayetafuta nyufa kwenye chungu, na Kidole amezika pua shingoni kwa mama, anavuta ile harufu ya udongo na sabuni aliyokuwa akiiota. Miaka kumi na minane alikuwa ameosha mama za watu. Aliwashika wote kwa upole uleule, na kila mmoja alimfikiria huyu.

Nje watu walikuwa wanajaa. Kilio cha Mama Habari kilipanda juu ya vingine vyote: "Mwanamke mkarimu! Mwanamke wa watu! Nani atatufinyangia sasa!"

Mama akainua kichwa akasikiliza, machozi bado mashavuni. "Wee, msikie huyo. Tangu mwaka jana hanisalimii, eti nilimpa mjukuu wake kikombe kilichopinda." Akasikiliza tena. "Lakini analia vizuri. Lazima tumpe haki yake."

"Mama, umefanya nini?" Kidole alinong'ona. "Kwa nini umepindua kikombe?"

"Nilikuona. Siku ya kwanza tu nilikuona kutoka dirishani. Ungejifunika hata gunia ningekujua kwa vile unavyotupa mguu wa kushoto. Siku ya pili nikakohoa, hukusikia. Siku ya tatu nikaangusha sufuria makusudi, hukugeuka. Nikasema basi, huyu hajui kuitwa kwa njia nyingine ila ya kazi yake." Akafuta uso kwa kiganja. "Na mimi niko tayari. Nimeoga. Nimefunga nguo zangu. Udongo uliobaki nimemwagia maji, atakayeurithi asiukute umekauka. Chukua kikombe changu tuondoke."

"Tuondoke wapi?"

"Kwenu. Huko uani." Mama alijisogeza karibu, akashusha sauti kama anayeuliza siri ya bibi harusi. "Baba yako hajambo huko?"

Kidole akamtazama. Alidhani ni utani, akangoja mama acheke. Hakucheka. Macho ya mama yalikuwa yanamngojea jibu, meupe, yenye hamu, macho ya mtu aliyepanga safari kwa miaka mingi.

"Mama."

"Miguu yake bado inamsumbua? Au huko hakuna miguu kuuma?"

"Mama, hakuna watu kule."

"Wanasema wako uani."

"Wanasema wasioingia. Uani kuna kamba za kuanikia nguo na banda la kuku. Mwenye kufa tunamwacha hapa mtaani, mnamzika wenyewe. Tunachochukua ni kikombe. Tunakipanga kwenye rafu, tunakifuta vumbi. Sisi tuliobaki tunapika, tunashona makapu, tunagombania maji ya kuoga. Baba... kikombe cha baba nakifuta mimi. Kila wiki. Basi."

Mkono wa mama ulikuwa juu ya kifurushi, ukawa unalegeza fundo na kulikaza, unalegeza na kulikaza.

"Miaka kumi na minane," alisema mwishowe, "kila jina likiitwa jioni, wenzangu wanaziba masikio, na mimi naona wivu. Nasema, haya, huyo naye amekwenda kuwaona. Kila mtu anaruhusiwa kwenda kumwona mwanangu isipokuwa mimi."

Kidole alipiga magoti sakafuni akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna nyumba mjini ambako Majivu wanatamaniwa.

"Nilidhani umenikasirikia," alisema. "Kwamba umeninyima kikombe changu kuniadhibu."

"Kukuadhibu!" Mama akamwinua kidevu. "Geuka uangalie dirishani."

Kikombe chake kilikuwa pale kwenye kingo ya dirisha, kimesimama wima, kimejaa maji mpaka juu. Kilikuwa na alama mbili za kidole gumba badala ya moja, maana siku ile ya kubonyezwa alifurukuta akabonyeza tena. Kikombe chenye maji hakiwezi kupinduliwa, alieleza mama, kwa hiyo kila asubuhi alikijaza kabla hata ya kunawa uso. "Nikikipindua wataita jina lako. Wakiliita sitalisema tena. Kinywa ni changu, mwana ni wangu, halafu nisimwite? Hapana. Nikaja nikapata na wa kunisaidia. Yule mwenzako mwenye goti. Siku moja anapita, nikamuuliza kutoka dirishani, mwanangu hajambo? Hakunijibu, si mnakatazwa kusema. Lakini alisimama, akatoa kapu bega la kushoto akaliweka la kulia, akaenda zake. Kesho yake nikamuuliza tena, akafanya hivyo hivyo. Siku akipita na kapu kushoto, najua unaumwa, silali."

Na Kidole akakumbuka Dada Mkubwa, kila asubuhi kabla ya kazi, akimsumbua mezani: umelalaje, unakohoa nini, hebu onyesha ulimi. Alikuwa akimwona mmbea.

Mama aliendelea kwa sauti ndogo zaidi. "Nilimwogopa sana mwanzoni. Siku ya baba yako aliniona nikikimbia. Mume wangu anakata roho ananyoosha mkono, mimi huyo, mlango wa nyuma, mpaka kwenye shimo la udongo. Nikajifanya nachimba. Aliyemshika mkono ni mgeni mwenye kapu, aliyekuwa akipita akamsikia, akaingia. Na wewe ulibaki ukaona."

"Nilibaki kwa sababu alibaki yeye," alisema Kidole. "Na mimi nilitaka kukimbia. Alimfuta baba uso pole pole, kama ana siku nzima. Nikasema nataka niwe mtu wa namna hiyo. Sikuondoka kwa sababu yako, Mama. Wote wanakimbia. Nimeingia nyumba mia kadhaa na kila nyumba kuna aliyekimbia, baba, mke, hata mganga mwenyewe. Halafu tunakutana naye barabarani, anafunika maharage."

Mama alicheka kidogo puani. "Muuza maharage alikimbia?"

"Mama, sisemi ya nyumba za watu."

"Alikimbia," alisema mama, kwa kuridhika kidogo.

Kule nje vilio vilikuwa vimeanza kupungua, na hilo lilikuwa baya. Baada ya kilio watu hukusanyika mlangoni kumngoja mtu wa Mpokezi atoke, awaonyeshe kikombe. Fundi viatu tayari alipaza sauti: "Nani?" Ilikuwa desturi kuuliza mara tatu, hata kama jibu linajulikana.

Sasa hapo ndipo ubaya wa lile jambo ulipomkalia Kidole sawasawa. Aliyeingia na kapu hatoki na kapu tupu. Si sheria ya Nyumba tu, ni hofu ya mtaa. Mama akiwa msichana, mtaa wa chini, familia moja ilipindua kikombe cha mgonjwa aliyekuwa amezimia tu. Mgonjwa akazinduka, mtu wa Mpokezi akatoka mikono mitupu. Watu wakasema Mpokezi ameitwa bure, sasa atachukua popote. Wiki ile ile watoto wawili wakashikwa na homa. Paa la nyumba ile liling'olewa mchana kweupe, na wenyewe wakatoka mjini na nguo za mwilini. Watoto walipona, lakini nani aliyekwenda kuwarudishia paa?

"Nani?" aliuliza fundi viatu mara ya pili.

"Chukua changu," alisema mama. "Kiko mkononi mwako tayari."

"Nikikichukua hutakuwa na pa kukaa. Kule hatupokei aliyeitwa jina kabla ya kugonga lango. Na hapa hawatakusalimia, hawatakuuzia chumvi. Utakaa katikati ya watu kama hewa. Na vile vikombe vyote kwenye rafu? Nani atapokea mtoto kwa kikombe kilichofinyangwa na aliyekufa?"

Mama aliangalia pazia, upande wa chumba cha kazi. Kulikuwa na kikombe kimoja kibichi kimefunikwa kitambaa cha maji, kinamngojea mtoto wa binti wa Mama Habari, siku yoyote kuanzia sasa. "Basi toka bila kitu. Waje wang'oe paa. Nimezeeka, nitalala nje."

"Mama."

Kidole alisimama, macho yakaenda dirishani. Mama akaona yanakokwenda. Kwa umri ule na unene ule, aliruka kutoka kitandani akasimama mbele ya dirisha na mikono ameitanua.

"Hicho hapana."

"Ndicho kinachotakiwa. Ndicho kilichotakiwa tangu mwanzo."

"Hujafa! Nimekushika sasa hivi, una mifupa, una joto. Leo asubuhi nimekitia maji."

"Sijafa. Lakini niliondoka, Mama. Niliondoka kwa miguu yangu, na hukunililia." Hakujua kwamba neno hilo lilikuwa ndani yake mpaka lilipotoka. "Kule mimi si mtu wao, huku si mtu wenu. Kila jina likiitwa, wewe ulikuwa unaona wivu, na mimi nilikuwa nasikiliza kama ni langu."

Mama alibaki ametanua mikono muda mrefu. Kisha ikashuka, mmoja, halafu wa pili. Aligeuka akakichukua kikombe dirishani kwa uangalifu, asimwage, akampa.

"Kunywa kwanza," alisema. "Kisitoke kwangu na maji ambayo hujanywa."

Akanywa yote. Maji yalikuwa baridi. Mama alimwangalia anavyomeza, kama mtu anayelisha mtoto na anahesabu vijiko.

"Sasa niache nikuite. Si baada ya jioni sitaliita tena jina lako?"

"Niite."

"Kidole."

"Abee, Mama."

"Kidole."

"Abee."

Ya tatu ilimshinda. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi tu, na nje fundi viatu akauliza mara ya mwisho: "Nani?"

Kidole alimrudishia mama kikombe chake chenye pengo, akamfunga vidole juu yake. Akavuta kitambaa cha kichwa, akashusha macho, akatoka.

Watu waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma kwa pamoja, wakakanyagana. Alikiinua kikombe juu, alama zikiwa upande wao, kama inavyotakiwa. Kwanza hawakuelewa. Mama Habari alikuwa tayari amejaza kifua kwa kilio kingine, na papo hapo mfinyanzi mwenyewe akatokea mlangoni nyuma ya lile gauni la majivu, mzima, kikombe chake mkononi. Kilio kikamkwama Mama Habari kama mfupa. Nadhani hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake aliyokosa la kusema.

Lakini macho anayo, na vikombe vya wote mtaani anavijua. Akakisogelea kile kikombe kwa hatua mbili, karibu kuliko mtu yeyote alivyowahi kumkaribia Majivu, akahesabu alama. Moja. Mbili.

"Cha Kidole," alisema. "Jamani, ni cha Kidole."

Kidole akakiweka kapuni, akaweka kapu kwenye bega la kushoto, akaanza kutembea. Hakuna aliyemtambua, maana hakuna aliyemtazama usoni, walitazama kapu. Alifika kwenye mlango wa fundi viatu, na nyuma yake Mama Habari akaanza. Safari hii haikuwa sauti ile ya kujaza barabara. Ilikuwa ya chini, ya mtu aliyepigwa asipotegemea. "Kidole. Mtoto aliyenichomekea kidole kwenye unga wangu. Kidole mama." Mwingine akaitikia, na mwingine. Mtu akasema alikuwa akiwaimbia kuku. Mtu akasema alimbebea mwanawe mgonjwa mgongoni mpaka kisimani na kurudi. Muuza maharage, aliyekuwa amesahau kufunika, alisema kwa sauti ya kukwaruza kwamba yule binti alikuwa anaiba maharage matatu kila siku, matatu tu, na yeye alikuwa anayaweka pembeni ili ayaone. Mambo mengine Kidole mwenyewe alikuwa ameyasahau. Miaka kumi na minane mtaa ulikuwa umeyaficha yote hayo, kwa sababu mama hajapindua kikombe na hakuna anayelia kabla ya mwenye msiba.

Alipunguza mwendo. Sheria haisemi utembee haraka kiasi gani.

Walikuwa wanamkalisha mama chini sasa, alisikia. Walikuwa wanamletea maji. Huyo mwanamke ambaye wengine hawakumsalimia mwaka mzima walimshika kila upande, na mama akawaacha wamshike. Kisha, juu ya sauti zote, ikaja ya mama. Ile ya tatu, iliyokuwa imekwama.

"Kidole!"

Jioni ilikuwa mbali bado. Jina lilikuwa bado lake.

"Abee," alijibu ndani ya kitambaa, pole pole, mtu asisikie. Mama naye hakuweza kusikia, mbali vile na kelele zile. Kwa hiyo pale kwenye kona, kabla ya kupotea, Kidole alisimama, akalitoa kapu bega la kushoto, akaliweka la kulia.